Kabla ya Kumnyang'anya Mzee Ufunguo

Kuendesha gari ni kazi ya mwili mzima, kwa kuwa macho huona, shingo hugeuka, akili hukadiria, na mikono na miguu hutekeleza, na yote hayo hutakiwa kukamilika kwa muda mfupi sana. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 katika kila sekunde, na hata kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwenye makazi ya watu nchini Tanzania, hupita karibu mita 14. Uzee hugusa kila kiungo kati ya hivyo, lakini hauvigusi kwa siku moja wala kwa kiasi kimoja, na hapo ndipo ulipo msingi wa makala haya: mzee anayeanza kuyumba barabarani anastahili kwanza kuchunguzwa ijulikane ni kitu gani kimepungua, kirekebishwe kinachorekebishika, na ndipo lije swali la kumwondoa kwenye usukani. Katika familia nyingi utaratibu huo huanzwa kwa mkia, yaani ufunguo huchukuliwa kwanza, na sababu ya kuyumba kwake haitafutwi tena.

Suala hili limemrudia mwandishi kwa sababu ya kikao cha ukoo kilichofanyika Korogwe, mkoani Tanga, mapema mwaka huu, ambapo watoto wa mjomba wake, mzee wa miaka 76 anayeendesha mwenyewe pikapu yake kwenda shambani, sokoni na msikitini, walikutana kuamua kama aendelee kuendesha baada ya kioo cha pembeni cha gari lake kugonga pikipiki ya bodaboda iliyoegeshwa kando ya barabara. Hakuna aliyeumia, na taa iliyovunjika ililipwa siku hiyohiyo, lakini neno lililotawala kikao lilikuwa moja tu, kwamba mzee amezeeka. Mwandishi, aliyehudhuria kama mpwa, alikumbuka kuwa neno hilohilo lilisemwa juu ya baba yake mzazi zaidi ya miaka 15 iliyopita, tena mara kadhaa, na kwamba kila liliposemwa lilikuwa limefunika sababu nyingine ambayo hakuna aliyeitafuta. Kumbukumbu zinazofuata zimepangwa kwa mfuatano wa matukio hayo, na kila moja inaelezwa kwa ajili ya lile ililofundisha.

Baba huyo alikuwa dereva wa lori katika shamba moja la mkonge katika miaka ya 1970, akipeleka bandarini Tanga marobota ya singa, yaani nyuzi za mkonge zilizokwisha kukaushwa. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha injini, alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa alichokitunza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, akakirudisha, akakichomoa tena na kukisogeza karibu na koroboi ambayo mwandishi, wakati huo mtoto wa shule ya msingi, alipewa kazi ya kuishika. Baada ya oili yalifuata maji ya rejeta, kisha matairi, ambayo aliyagonga moja baada ya jingine kwa kipande cha chuma huku akisikiliza mlio wake, kwa kuwa tairi lililopungua upepo hulia tofauti na lililojaa. Lori lile lilikaguliwa hivyo siku zote za kazi kwa zaidi ya miaka 20, ilhali macho, masikio na shingo ya aliyeliendesha havikukaguliwa na mtu yeyote, wala yeye mwenyewe hakuona kuwa vinahitaji kukaguliwa. Dereva wa kizazi chake alifundishwa kwamba chombo ndicho kinachochakaa, na fikra hiyo ndiyo iliyomfuata mpaka uzeeni, alipoendelea kulikagua gari lake la starehe kwa uangalifu uleule na kujisahau yeye.

Dalili ya kwanza ilionekana mwaka 2006, alipokuwa na umri wa miaka 68, katika safari ya usiku kutoka Dar es Salaam kurudi Korogwe baada ya mazishi ya ndugu. Walipokuwa wamepita Chalinze na kulikaribia daraja la zamani la Wami, lililokuwa jembamba, malori yaliyotoka upande wa pili yaliwamulika mfululizo, na kila moja lilipopita, gari lilipunguza mwendo na kusogea kushoto, mpaka matairi yakaanza kukanyaga kokoto za pembeni.

"Baba, vipi?" mwandishi aliuliza.

"Barabara imepotea, mwanangu. Taa zikishapita naona giza tupu," alijibu, na baada ya kimya akaongeza, "Usimwambie mama yako."

Alichokieleza baba kwa maneno hayo machache ni hali inayofahamika vizuri katika elimu ya macho. Mboni, ambayo ni tundu la katikati ya jicho linalopitisha mwanga, hupungua ukubwa kadiri mtu anavyozeeka na hushindwa kupanuka vya kutosha gizani, na lenzi iliyo nyuma yake huanza kupata ukungu. Kwa sababu hizo mbili, mwanga unaoifikia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kwa mtu wa miaka 60 ni takriban theluthi moja tu ya ule unaomfikia kijana wa miaka 20. Zaidi ya hapo, jicho lililomulikwa na taa kali huhitaji muda ili lirudi kuona gizani, na muda huo hurefuka kwa umri, hivyo kwamba kijana anayeketi pembeni huwa amekwisha kuiona barabara wakati mzee aliyeshika usukani bado yuko gizani. Hali hii haiponi kwa ujasiri wala kwa uzoefu wa miaka 40 barabarani, bali hukwepwa, na familia iliikwepa kwa kanuni moja ambayo baba aliikubali bila ubishi kwa sababu haikumvunjia heshima: gari liwe limelala kabla ya adhana ya magharibi. Kioo cha mbele kikawa kinasafishwa ndani na nje kila asubuhi, kwa kuwa vumbi na mafuta vikiwa juu ya kioo husambaza mwanga wa taa na kuuzidishia macho yaliyochoka mzigo.

Kanuni hiyo ilitosha kwa miaka mitatu, kisha matatizo yakaanza kuonekana hata mchana. Mwaka 2009 baba aliparuza nguzo ya geti mara mbili katika mwezi mmoja, akakaribia kumgonga mwendesha baiskeli aliyevaa nguo za kijivu jioni yenye mawingu, na watoto wake, mwandishi akiwa miongoni mwao, wakakubaliana kwa simu kwamba muda umefika wa kumchukulia ufunguo. Aliyeizuia hatua hiyo alikuwa muuguzi mmoja wa zahanati ya jirani, ambaye alipokwenda kumpima presha alimmulika machoni kwa kurunzi ndogo na kuuliza kwa nini mzee huyu hajapelekwa kwa daktari wa macho. Uchunguzi ulionyesha kuwa alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, ugonjwa ambao lenzi ya jicho hupoteza uangavu wake na kuwa kama kioo kilichopata mvuke, na ambao tiba yake ni upasuaji mfupi wa kuiondoa lenzi hiyo na kuweka nyingine ya bandia mahali pake. Huduma hiyo inapatikana nchini katika hospitali zenye vitengo vya macho, zikiwemo CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani bila kulazwa kwa muda mrefu.

Siku bandeji ya jicho la pili ilipoondolewa, baba aliketi barazani akimtazama mkewe aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo, kisha akamwuliza ile kanga ya buluu ameinunua lini. Kanga hiyo ilikuwa na miaka minne ndani ya nyumba ile, na muda wote huo yeye alikuwa akiiona nyeusi, kwa sababu lenzi iliyoharibika hugeuka manjano na kuizuia rangi ya buluu isipite. Mama alicheka hadi akauweka ungo chini, lakini mwandishi hakucheka, kwa kuwa alikuwa akikumbuka zile simu za kupanga namna ya kuchukua ufunguo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 na Cynthia Owsley na wenzake ulionyesha kwamba madereva wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipata ajali kwa kiwango cha takriban nusu ya wale waliokuwa na ugonjwa huo bila kufanyiwa upasuaji. Kwa maneno mengine, jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa umeliita uzee lilikuwa maradhi yenye jina na yenye tiba, na kama si muuguzi yule, mzee angehukumiwa kwa kosa la lenzi.

Tukio la tatu lilihusu dawa. Mwaka 2011 baba alisinzia akiwa amesimama kwenye makutano ya barabara kuu, injini ikiunguruma na mguu ukiwa juu ya breki, mpaka honi za magari ya nyuma zilipomzindua. Aliporudi nyumbani alikiri kwamba kwa siku tatu mfululizo alikuwa akimeza vidonge vya mafua alivyonunua kwenye duka la dawa la mtaani, pamoja na dawa zake za kawaida za presha. Vidonge hivyo vilikuwa na klorofeniramini, dawa inayotuliza mafua na mzio lakini huleta usingizi, na usingizi huo huwa mzito na wa muda mrefu zaidi katika mwili wa mzee, kwa kuwa ini na figo zake huiondoa dawa polepole. Dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi zina athari hiyo pia, nazo dawa za kisukari, hasa insulini, zinaweza kuishusha sukari ya mwili hadi dereva akachanganyikiwa bila kujua kwamba amechanganyikiwa. Tangu siku hiyo dawa zote za baba zilikusanywa ndani ya mfuko mmoja uliobebwa kila alipokwenda kliniki, na swali likawa linaulizwa kwa daktari bila kungoja aseme mwenyewe: je, dawa hii inamruhusu kuendesha gari? Swali hilo halina gharama yoyote, na ni ajabu kwamba wagonjwa wachache sana huliuliza.

Mwaka uliofuata magoti yalianza kumsumbua, kukanyaga klachi kukawa ni mateso, na watoto wakamnunulia gari dogo la otomatiki, yaani lisilo na klachi ambalo hubadilisha gia lenyewe, lililotumika Japani na kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Nia ilikuwa njema na uamuzi ulikuwa sahihi, lakini hakuna aliyefikiria kwamba mtu aliyeendesha kwa miguu miwili kwa nusu karne hawezi kuhamia kwenye mguu mmoja kwa asubuhi moja. Katika wiki ya kwanza, akirudi nyuma uani, baba aliitafuta pedali ya breki mahali ambapo mwili wake ulikuwa umezoea kuikuta, akakanyaga mafuta badala yake, na gari likaingia kinyumenyume ndani ya banda la kuku. Kosa hilo la kuchanganya mafuta na breki huwapata madereva wa rika zote, ila wazee hukawia zaidi kulitambua na kuuondoa mguu. Baada ya hapo mjukuu wake alikaa naye kwa siku kumi katika uwanja wa mpira wa shule ya jirani, wakirudia kuondoka, kusimama na kurudi nyuma, mguu wa kushoto ukiwa umevutwa chini ya kiti kabisa ili usahau kazi yake ya zamani. Gari jipya kwa mzee lilipaswa kuja pamoja na siku hizo kumi, na si kuzifuata.

Katika siku hizo ndipo kulipofanyika pia kazi ndogo ambayo mwandishi anaamini ndiyo iliyosaidia kuliko nyingine zote kwa gharama ndogo, nayo ni kulipima gari kwa mwili wa anayeliendesha, kama fundi cherehani anavyompima mteja kabla ya kukata kitambaa. Baba alikuwa amepungua kimo, kama ilivyo kwa wazee wengi, na alikuwa akitazama barabara kupitia nafasi iliyo kati ya ukingo wa usukani na dashibodi. Mto mgumu uliowekwa kwenye kiti ulimwinua hadi macho yake yakawa juu ya usukani kwa zaidi ya upana wa vidole vinne. Kiti kilirudishwa nyuma mpaka kifua kikawa umbali usiopungua sentimita 25 kutoka kwenye usukani, kwa kuwa mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali humjeruhi aliyeukaribia kupita kiasi. Vioo vya pembeni vilisogezwa nje zaidi ili kumpunguzia kazi shingo iliyokwisha kukakamaa, na mkanda ukapitishwa juu ya mfupa wa bega na si shingoni, jambo la lazima kwa mzee, ambaye mifupa yake huvunjika kwa kishindo ambacho kijana angekivumilia. Nchini Marekani upo mpango unaoitwa CarFit, ambapo wataalamu waliofunzwa huwapima wazee katika magari yao kwa namna hiyohiyo, na hakuna katika kazi yao kinachohitaji mashine ambayo haipo Korogwe.

Gari lile lilikuja na kibandiko ambacho hakuna aliyeielewa maana yake, kilichokuwa nyuma karibu na namba, chenye umbo la tone la maji, nusu rangi ya chungwa na nusu manjano, na watoto wa mtaani walilitambua gari la babu kwa kibandiko hicho. Ilipita miaka kadhaa kabla mwandishi hajajua kwamba hiyo ilikuwa alama iliyoanza kutumika Japani mwaka 1997 ili kumtambulisha dereva mzee, na kwamba sheria ya nchi hiyo inawakataza madereva wengine kulibana au kulikatiza gari lenye alama hiyo. Gari la baba, kwa hiyo, lilikuwa limetoka kwenye mikono ya mzee mwingine, katika nchi ambayo huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, na ambayo iliona ni wajibu wa barabara nzima kumpisha. Katika barabara za nyumbani alama hiyohiyo haikusema lolote kwa yeyote, na dereva wa daladala aliyekuwa nyuma ya gari hilo alipiga honi kama alivyompigia mtu mwingine yeyote.

Barabara yenyewe ilikuwa mwalimu wa tukio lililofuata. Alipokuwa akija Dar es Salaam kuwatembelea wajukuu, baba alikuwa akiogopa kitu kimoja tu, kukunja kulia kwenye makutano yenye msongamano, kwa sababu mahali ambapo magari hupita kushoto, anayekunja kulia hulazimika kuukata mkondo wa wanaokuja, na kwa hiyo hukadiria umbali wao, kasi yao na nafasi iliyobaki kwa wakati mmoja. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba ajali za madereva wazee hutokea kwa wingi kwenye makutano ya namna hii, ilhali ajali za mwendo kasi na za ulevi ni za vijana zaidi. Mwandishi na baba yake walichora njia ambazo ziliepuka makutano hayo, wakikubali kuzunguka mtaa mzima kwa kukunja kushoto mara tatu ili kutokea mahali ambapo kukunja kulia mara moja kungewafikisha, na safari ikarefuka kwa dakika chache huku mikono ya mzee ikiacha kutetemeka. Daraja la juu la Mfugale lilipofunguliwa kwenye makutano ya TAZARA mwaka 2018, baba alilipita akasema kwamba sasa wamemkumbuka. Na makutano ya Ubungo yaliyojengwa kwa ngazi tatu na kufunguliwa mwaka 2021 kwa jina la Kijazi yangemfurahisha zaidi kama angekuwa bado anaendesha. Wahandisi hujenga vitu hivyo kwa ajili ya kuondoa foleni, lakini alama kubwa za barabarani, mistari inayong'aa usiku na makutano yasiyolazimisha kukadiria ni msaada kwa macho na akili ya mzee kuliko hotuba yoyote ya usalama.

Lipo, hata hivyo, pungufu ambalo halina miwani wala mto wa kukalia, na uaminifu unadai lisemwe waziwazi. Mwishoni mwa mwaka 2018 baba alitoka nyumbani kwenda sokoni, safari ya dakika 15 aliyokuwa akiifanya tangu ujana, akarudi baada ya saa tatu bila kununua kitu na bila kueleza alikokuwa. Tukio moja la namna hiyo si uthibitisho wa ugonjwa, lakini lilipojirudia, na alipoanza kusimama kwenye kiplefti, yaani mzunguko wa barabara, akiwa hajui atokee wapi, daktari alieleza kwamba hizo zilikuwa dalili za dimensia, ugonjwa unaoharibu kumbukumbu na uamuzi hatua kwa hatua. Ubongo wenye afya unaweza kusaidiwa uzeeni. Utafiti mkubwa wa Marekani, ambao Karlene Ball na wenzake walichapisha matokeo yake kuhusu udereva mwaka 2010, ulionyesha kwamba wazee waliofanya mazoezi ya kompyuta ya kuongeza kasi ya kutambua vitu walisababisha ajali kwa takriban nusu ya kiwango cha wenzao katika miaka sita iliyofuata. Dimensia ni jambo jingine, kwa kuwa humwondolea mgonjwa hata uwezo wa kujua kwamba amekosea, na mtu wa namna hiyo akiachwa aendeshe, familia huwa imeyaweka rehani maisha ya watoto wa wenzao.

Kilichowaokoa na ugomvi ni karatasi iliyoandikwa miaka sita kabla, baada ya tukio la banda la kuku, ambapo baba mwenyewe, akiwa na akili timamu, alitaja mambo ambayo yakitokea ataacha kuendesha, na kupotea njia anayoijua lilikuwa la pili katika orodha yake. Mwaka 2019, akiwa na miaka 81, alisomewa karatasi hiyo na binti yake mkubwa, akaishika mkononi kwa muda mrefu akiitazama saini yake.

"Haya ni maneno yangu," alisema, akauchomoa ufunguo kutoka kwenye mnyororo wa funguo za nyumba na kuuweka mezani.

Ufunguo huo haukuchukuliwa bila kuachiwa kitu mahali pake. Kijana mmoja wa bajaji wa jirani alilipwa kila mwezi na watoto ili ampeleke mzee msikitini Ijumaa, sokoni Jumatano na kliniki siku ya miadi, na baba hakuwahi kumwomba mtu nauli, jambo ambalo lingemdhalilisha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba wazee walioacha kuendesha wana hatari iliyokaribia kuwa mara mbili ya kupata sonona, yaani huzuni ya kudumu inayoathiri afya, na mwandishi alikwisha kuliona hilo kwa wazee wengine wa mtaa wao ambao, baada ya kunyimwa gari, walibaki barazani wakisubiri kukumbukwa. Baba aliishi kwa miaka mitatu zaidi, na hakukosa sala ya Ijumaa ila alipokuwa mgonjwa.

Mambo haya hayapaswi kuachwa kwa familia peke yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na tangu mwaka 2019 leseni ya udereva Tanzania hudumu kwa miaka 5, muda ambao ni mfupi kwa mtu wa miaka 35 lakini ni mrefu kwa macho ya mtu wa miaka 75. Uingereza humtaka dereva ahuishe leseni anapofika miaka 70 na kila baada ya miaka mitatu tangu hapo, nayo Japani huwafunza madereva waliofikia miaka 70 wanapohuisha leseni na tangu mwaka 2009 huwapima kumbukumbu waliofikia miaka 75, huku ikiwa imeweka tangu mwaka 1998 utaratibu wa mtu kurudisha leseni yake kwa hiari na kwa heshima. Tanzania ingeweza kuanza na mambo mepesi, yaani kipimo cha macho cha mara kwa mara kwa walio juu ya miaka 70 na kozi fupi ya siku mbili au tatu katika vyuo vinavyofundisha udereva kama VETA, kwa lengo la kuwabakiza barabarani wakiwa salama, kwa kuwa mzee akihisi anaviziwa atakificha kile hasa kinachopaswa kujulikana.

Katika kikao cha Korogwe mwandishi aliomba uamuzi uahirishwe kwa mwezi mmoja, na kabla ya wajumbe kutawanyika alimwuliza mjomba wake mbele ya watoto wake kama amewahi kupimwa macho.

"Mpwa wangu," mzee alijibu, "mimi nimepimwa mara moja tu, siku nilipopata leseni. Ilikuwa mwaka 1974."

Hakuna mtoto wake aliyelijua hilo, na wote walikuwa tayari kumnyang'anya ufunguo. Mwezi ulipoisha alikuwa amepelekwa kwa daktari, ambaye aligundua mtoto wa jicho upande wa kushoto, upande uleule ambao kioo chake kiligonga pikipiki. Upasuaji umepangwa, gari limeegeshwa hadi jicho lipone, na karatasi ya masharti yake imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Kila mwenye mzazi anayeendesha na ampeleke akapimwe macho, aulize kuhusu dawa zake, akague kiti na vioo vyake, na aandike naye mapema masharti ya kuacha wakati mzazi bado ana uwezo wa kuyaamua. Akikamilisha hayo ndipo atakuwa na haki ya kuuzungumzia ufunguo.